Chumvi Isizidi Machozi

Jumatatu, 2 Aprili 1979

Tryphena amerudi kutoka kozi ya Nairobi. Amerudi na viatu vipya na maneno mapya. Viatu sina neno navyo.

Nilimlaki kwa furaha, kusema kweli. Muda wote aliokuwa huko nimekuwa peke yangu na foleni, maana yeye ndiye nesi pekee wa kituo chetu hapa Rukanga. Nikamwagizia chai. Hata hajafika nusu ya kikombe, akaanza! Ati mtoto anayehara asingojee dripu. Ati yachukuliwe maji yaliyochemshwa, yatiwe sukari kiasi na chumvi kidogo, na mama mtu amnyweshe mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Ati huko Asia kipindupindu kilipoingia kwenye kambi za wakimbizi walifanya hivyo, na watu wakapona.

Nikamwuliza, na kipimo je? Akasema kijiko cha chai, kisha ulimi. Mama aonje kwanza. Chumvi isizidi ile ya machozi. Ikizidi, amwage.

Machozi! Nilicheka mpaka nikashika meza. Waliokuwa kwenye benchi nao wakacheka, ingawa sidhani walijua tunacheka nini. Mimi nimevaa koti jeupe tangu kabla ya Uhuru. Mwalimu wetu chuoni alitufundisha jambo moja mpaka tukaliota: tumbo linalohara ni tumbo linaloomba kupumzika. Usilitie kitu. Maji yapite kwenye mshipa. Nimeshika hivyo hadi leo, na watoto niliowatibu sasa wana watoto wao.

Nikamwambia, Sista, pumzika, safari imekuchosha. Hakucheka.


Alhamisi, 5 Aprili

Mvua! Imekuja kwa hasira. Mlima Kasigau haujaonekana tangu asubuhi, na maji yanashuka huko yakiwa mekundu.

Leo wameniletea mtoto wa Muli, yule Mkamba mwenzangu mwenye duka. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nikanyoa kichwa kidogo juu ya sikio, nikapapasa, nikaweka sindano. Mara moja tu! Damu ikarudi kwenye mpira, dripu ikaanza kudondoka, mama mtu akapiga magoti pale pale sakafuni. Nje nikasikia wakisema, "Mkono wa Musyimi huo!"

Kuna watu hutoka Maungu, hutoka hata Voi wakaipita hospitali kubwa, kuja kuutafuta mkono huu. Sitajifanya sipendi. Napenda! Mtu hupewa kitu kimoja duniani. Wengine wamepewa ng'ombe, wengine sauti ya kuimba. Mimi nimepewa kuona mshipa mahali ambapo mwingine haoni kitu.

Jioni mke wangu Ngina alikuwa anashona gauni lake la Pasaka. Akaniomba nimtungie uzi. Nikajaribu. Nikalamba uzi, nikajaribu tena. Mwishowe akaichukua sindano, akatunga mwenyewe bila hata kuangalia sana. "Baba Donald, na hiyo mishipa ya watoto huwa unaionaje?" Alikuwa ananitania tu. Nikamwambia taa ni mbaya.

Taa si mbaya.


Jumatatu, 9 Aprili

Wamejaa. Mafuriko yameingia kwenye kisima cha chini na kuacha humo uchafu wa mlima mzima. Sasa karibu kila nyumba ina mtoto anayehara.

Jumamosi Tryphena aliniomba aweke meza barazani, na sufuria yake ya maji ya chumvi na sukari. Nilimwambia nitafikiria. Nilikuwa na maana ya hapana, na mtu mzima angeelewa. Leo nikafika, nakuta meza! Sufuria imefunikwa vizuri, vikombe vimepangwa, akina mama wako mkao wa kula. Damu ikanipanda.

Naandika kama nilivyosema, maana nilisema kwa sauti: "Akina mama, hapa ni hospitali, si hoteli! Mtoto hatibiwi kwa chai baridi. Atakayempa mtoto hii maji, asiniletee mimi baadaye."

Wakacheka. Mmoja akamwaga kikombe chake matopeni, kisha akanitazama kama mwanafunzi anayengojea kusifiwa. Bibi mmoja mzee aliyekaa mwisho wa benchi alitikisa kichwa, ananikubali.

Tryphena alikusanya vikombe, akavisuuza, akavipanga tena kabatini.  Sisi Wakamba tukikasirika tunapiga kelele, tunamaliza, tunaombana tumbako. Huyu Mtaita wa Mgange hukasirika kwa kunyamaza. Kila nilichomwambia mchana kutwa, "Ndiyo, Daktari." Hizo ndiyo zake zilikuwa baridi kuliko chai yenyewe.

Haki ni yangu. Mkuu wa kituo ni mimi. Ila ningeweza kumwita pembeni.


Jumatano, 11 Aprili

Korongo limejaa, barabara imekatika. Lori la dawa limekwama huko Maungu. Dripu zinaisha.

Tumempoteza mtoto wa Kituku. Mvulana. Nilidunga kichwa, nikadunga mkono, nikapasua kidogo kwenye kifundo cha mguu kuutafuta mshipa. Hakuna kitu. Mishipa imelala kama uzi uliolowa. Au mshipa ulikuwapo, na mimi ndiye sikuuona.

Mama yake alikuwa kando anakunywa maji kwa kikombe. Midomo ya mtoto ilikuwa inakifuata kile kikombe. Mama akaniuliza, nimpe kidogo? Nikasema hapana. Tumbo lipumzike, nikasema.

Siandiki zaidi leo.


Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Nimekosa ibada, mimi mzee wa kanisa. Lakini hii ya leo ni lazima niiandike, hata kama mkono umechoka.

Asubuhi akaja Nyanya Dinah wa Bungule, upande wa pili wa mlima. Ndiye yule bibi aliyenitikisia kichwa Jumatatu. Amelowa hadi kiunoni, mjukuu wake Wakesho yuko mgongoni. Mama wa mtoto yuko Mombasa, kazi ya nyumba, hata hajui. Wakesho hajatimiza mwaka. Alikuwa anafungua mdomo kulia, sauti inatoka kama ya paka mchanga, na machoni hakuna hata unyevu.

Dripu imebaki moja. Nikasema, Mungu wangu, hii isipotee. Nikanyoa kichwa, nikapapasa. Nikadunga, mshipa ukapasuka. Nikadunga kwingine, maji yakaingia chini ya ngozi, mahali pakavimba. Jasho linanitoka. Watu wamejazana mlangoni kuuona mkono wa Musyimi! Nikadunga tena. Kisha nikaiweka sindano chini. Siwezi kusema niliamua. Mkono wenyewe ulikataa kuinuka.

Nikasema, "Sista, leta maji yako."

Mwingine angenicheka, na angekuwa na haki. Tryphena alikwenda kabatini akarudi na sufuria, imefunikwa, maji tayari. Nikamwuliza umechemsha saa ngapi. Akasema kila siku alfajiri. Tangu Jumatatu huchemsha alfajiri na kuyamwaga jioni. 

Akajaza kijiko, akakisogeza. Nyanya Dinah akaufunika mdomo wa mtoto kwa kiganja!

"Hapana," akasema. "Daktari, mimi Jumatatu nilikuwa hapa. Nilikusikia na masikio yangu. Hii maji uliikataa, ukaikasirikia mbele ya watu. Nikarudi Bungule nikaambia majirani wote, msipe watoto maji, Daktari amekataa. Sasa leo unataka mjukuu wangu anywe kitu iko na hasira yako ndani?"

Majirani wote!  Nimekaa Rukanga nikitaka watu wanisikie, na walinisikia kweli, hadi nyuma ya mlima.

Nikamwambia, mama, nimebadili mawazo. Nikamweleza habari za mishipa, za maji mwilini, zote. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Mawazo iko kichwani, mwanangu. Hasira iko moyoni. Itoe kwanza."

Nikamgeukia Tryphena. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutwa na kitu cha aibu. Kwao Wadawida, yaani Wataita, hasira ya mkubwa ikikaa moyoni, humwangukia mtoto. Hata kama mwenye hasira haombei mtu mabaya. Basi huchukua kinywa cha maji, huyapuliza nje yakaruka kama manyunyu, huku akiiachilia ile hasira kwa maneno na kuomba heri. Wanaita kutasa. Wazee walikuwa wakitumia pombe ya miwa. Akasema kanisa halipendi, lakini nyumba nyingi, hata za wainjilisti, kukiwa na mgonjwa, mlango hufungwa na maji hutemwa.

Mimi! Siku ya Ijumaa Kuu! Nimevaa koti jeupe, mbele ya foleni nzima! Nilitaka kusema hapana. Neno lilishafika ulimini.

Wakesho akafumba macho, na hakuyafumbua nilipomgusa shavu.

Nikachukua kikombe. Maji yaliyokuwa karibu ni yale yale ya Tryphena. Nayakataa tangu wiki iliyopita, wala sijawahi kuyaonja hata mara moja. Tamu kidogo, chumvi kidogo. Machozi kweli. Nikayapuliza kuelekea mlangoni, watu wakarudi nyuma.

"Sema," Nyanya akaniambia.

Nikasema. Sijui maneno niliyatoa wapi. Nilisema nimekuwa na hasira na maji haya, na Sista Tryphena aliyeyaleta, na mishipa inayonikimbia, na macho yangu yasiyoona karibu. Zote zitoke. Mtoto anywe, apone. Nilitaja macho yangu mbele ya watu wote! Ngina atakuwa amesikia kabla sijafika nyumbani.

"Bado mmoja," Nyanya akasema, akamwonyesha Tryphena kwa kidevu. Basi Tryphena naye, na cheti chake cha Nairobi, akachukua kinywa akatema. Maneno yake aliyasema kwa Kidawida na yalikuwa marefu. Sikuelewa kitu ila jina langu, nalo lilitajwa zaidi ya mara moja. Sikuuliza.

Ndipo Nyanya akaondoa kiganja. Kijiko cha kwanza kilimwagika chote kidevuni. Cha pili kiliingia, na koo likacheza.


Jumamosi, 14 Aprili

Nimeshinda na kijiko. Anakunywa, anatapika. Tunangoja kidogo, tunaanza tena. Si kazi ya mkono hii, ni kazi ya subira, na subira Ngina atakwambia sikuzaliwa nayo. Nyanya Dinah anaijua kuliko mimi. Huweka kijiko pembeni mwa mdomo, humwimbia, maji yanaingia bila vita.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Inaniuma. Kama bibi wa Bungule anaweza kufanya haya akiwa amekaa mkekani, mimi ni nani? Hakuna atakayetoka Voi kuja kutafuta kijiko cha Musyimi. Nimeona wivu juu ya kijiko! Halafu nakumbuka midomo ya yule mvulana wa Kituku, wivu unaniisha, na kinachokuja mahali pake ni kibaya zaidi. Nitakwenda kwa Kituku. Sijui nitasema nini, lakini nitakwenda.

Ngina amekuja na uji wa watu wote. Ameleta pia miwani ya marehemu baba yake, imefungwa kwenye leso. Aliiweka tu mezani kando ya kofia yangu. Nimeivaa. Sindano zina tundu kubwa kumbe!

Habari zimeenea. Akina mama wamerudi na vikombe, lakini hakuna anayempa mtoto mpaka Daktari awe ametasa. Kila sufuria! Nimepuliza maji tangu asubuhi hadi mashavu yanauma. Tryphena anasimamia nisielekee sufuria, anasema usafi, Daktari, usafi. Amecheka leo. Mara ya kwanza tangu arudi na viatu vyake.

Kama saa nne hivi Wakesho alilia. Si ile sauti ya paka. Kelele ya haki, ya mtoto aliyeudhiwa! Na shavuni likateremka tone. Nyanya Dinah aliligusa kwa kidole, akalionja, akamtazama Tryphena.

"Ni sawa na yako," akasema.

Nilitoka nje kidogo. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakuna aliyejua ni nini usoni pangu.

Bado anahara. Bado hajavuka. Lakini analia na machozi.


Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili

Naandika upesi. Wananingoja nje.

Korongo limepungua na lori limefika. Limekuja pamoja na daktari mkuu kutoka mkoani. Kijana, ana digrii, suruali imejaa matope hadi magotini. Wametoka Maungu jana asubuhi! Wamelala njiani, naye amesukuma lori na wengine. Si mtu mbaya. Nilimwona akimshika mtoto wa Muli kwa upole mkubwa.

Kisha akaiona meza barazani.

"Mzee Musyimi, hii ni nini? Mnawanywesha wagonjwa wa kuhara?" Alisema mbele ya foleni. Nikaanza kumweleza, akaniinulia mkono. Akasema mambo ya jikoni yabaki jikoni. Tumbo lipumzike, akasema! Neno kwa neno. Nilidhani namsikia mwalimu wetu, halafu nikajisikia mwenyewe. Akina mama wote wakanigeukia. Mmoja alikuwa ameshainamisha kikombe, anangoja kuona uso wangu ndipo amwage.

Chupa nyingi za dripu zimevunjika njiani. Zilizobaki hazitoshi. Basi ameamua: Wakesho apandishwe lorini sasa hivi, apelekwe Voi, na asipewe kitu mdomoni mpaka afike. Njia ile! Chini ya turubai, siku nzima, labda na usiku, bila tone. Najua mwili wa mtoto huyu. Kila anachopoteza tunamrudishia kwa kijiko. Tukiacha, hafiki hata Maungu.

Lakini huyu ni mkubwa wangu. Neno lake moja, na mimi namalizia kazi yangu kwenye stoo nikipanga bandeji. Na mimi ni nani wa kumwambia? Nina kitu gani mkononi? Kijiko, na tone la machozi alilolionja bibi.

Tryphena alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Ameniachia mimi.

Nyanya Dinah amekwisha kumfunga Wakesho mgongoni. Amesimama katikati ya lori na mlango, hajui aende au akae. Akaniuliza mbele ya yule kijana, "Daktari, wewe unasema nini?" Hakumwuliza mwenye digrii. Aliniuliza mimi.

Nikasema nipeni dakika, nikaingia humu ofisini.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nataka kutoka nimwambie kijana huyu maneno atakayoyakumbuka hadi uzeeni. Nikifanya hivyo atakaza shingo. Namjua, mimi nilikuwa kama yeye juzi tu. Atapandisha sauti, nami nitapandisha, nesi atanyamaza, na mtoto atapakiwa lorini. Hasira ya wakubwa humwangukia mtoto. Na nilitaka kucheka niliposikia hivyo!

Sitaki apakiwe. Nikitoka nitasema hivyo, pole pole, na nimwombe yeye mwenyewe aonje. Lakini si na moyo huu. Kwanza niitoe hasira hii.

Kikombe cha Tryphena kiko hapa mezani, kimebaki nusu. Dirisha liko wazi. Lori limewashwa, nalisikia likinguruma.

Wananiita. Ni yule kijana. Sasa ni Nyanya Dinah, "Daktari! Daktari!" Na Wakesho naye analia huko nje, kwa nguvu.

Siwezi kuitika. Mdomo umejaa maji.